Vipande vya Kweli, Picha ya Uwongo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Isha lilizuka suala ambalo hapo kwanza tulilidhania dogo, kisha likatushinda kulijibu kwa usiku mmoja. Tumeona yafaa kulieleza katika ukurasa huu, kwani siku hizi ni nadra nyumba isiyokuwa na simu yenye kamera, na hapana mtaa usiokuwa na kijana ajuaye kuikata picha na kuiunga na nyingine. Jambo lililokuwa zamani kazi ya mafundi wachache limekuwa mikononi mwa kila mtu, na jambo likifika mikononi mwa kila mtu, hukumu yake nayo humhusu kila mtu.

Suala lenyewe ni hili: ikiwa kila kipande cha picha ni cha kweli, je, picha nzima yaweza kuwa uwongo? Na ikiwa ni uwongo, ni nani aliyeusema, hali hapana aliyefumbua kinywa?

Asili yake ni kama tutakavyosimulia. Iko madrasa moja tunayoihudumia, nayo ina chumba kimoja tu. Watoto wadogo husoma asubuhi, na wakubwa husoma jioni watokapo skuli. Walimu walitaka kujenga chumba cha pili, na wako watu wa kheri walioko ng'ambo ambao husaidia kazi kama hizi. Ikasemwa kwamba watu hao hawatosheki na maneno, wapenda kuona kwa macho. Basi kijana mmoja wa darsa yetu, hodari wa programu za picha, alipewa picha mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni, zote zimepigwa kutoka mlango ule ule. Akawateua watoto wa jioni mmoja mmoja, akawakata, akawapanga baina ya watoto wa asubuhi. Akausawazisha mwanga wa jioni na ule wa asubuhi, na vivuli akavilaza upande mmoja. Picha ikatoka chumba kimefurika, watoto bega kwa bega, wengine wamebanwa hata kizingitini.

Mimi niandikaye haya niliiona nikaisifu, na barua iliyofuatana na picha ile niliiandika kwa mkono wangu. Katika barua sikutia neno hata moja la uwongo. Idadi ya wanafunzi niliitaja kama ilivyo daftarini, na nikasema kwamba chumba ni kimoja, nacho ni kimoja kweli.

Siku chache zilipopita, mama mmoja mzazi alioneshwa picha ile. Akaitazama, kisha akacheka akasema, "Mbona mwanangu yumo mara mbili?" Tukatazama, na kweli yumo: mbele karibu na ubao, na nyuma karibu na dirisha, kwa kanzu ile ile, kwani siku ile mtoto yule alihudhuria asubuhi na jioni. Tukacheka sote. Kisha kicheko kikatukatika, kwa sababu asubuhi ya siku ile ile tulikuwa tumepokea jawabu kutoka ng'ambo. Wale watu wa kheri waliandika kwamba wamesikitishwa sana na msongamano waliouona, na kwamba wako tayari kusaidia.

Msongamano upi? Wa asubuhi wana nafasi, na wa jioni wana nafasi. Msongamano ule haukupata kuwako hata siku moja isipokuwa ndani ya picha yetu.

Kabla ya kuhukumu yafaa tuifahamu kazi yenyewe, kwani mwenye kuhukumu asichokijua hukosea hata akisibu. Programu zitumikazo leo, iliyo mashuhuri zaidi ni ile iitwayo Photoshop. Ilianzwa mwaka 1987 na ndugu wawili wa Kimarekani, Thomas na John Knoll, ikatolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Mwaka 1994 ilitiwa jambo lililoigeuza kazi hii yote, nalo ni tabaka. Mfano wa tabaka ni vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine: kioo cha chini kina chumba, cha pili kina mtoto mmoja, cha tatu kina mtoto mwingine, na atazamaye kwa juu huona kitu kimoja. Mwenye kutengeneza aweza kukivuta kioo chochote, akakipeleka huku au kule, akakiondoa, wala vilivyobaki visiharibike.

Ama kuteua, hufanywa kwa namna nyingi. Mtu aweza kumzungushia mstari kama kitanzi yule amtakaye, au akagusa rangi moja na programu ikazikusanya zote zilizofanana nayo. Kisha hulainisha kingo ili lisionekane kovu la mkato, akapunguza au kukuza ukubwa, akafananisha mwanga, akatia kivuli mahali panapostahiki kivuli. Tangu mwaka 2023 imekuwa si lazima kukipata kipande popote: mtu aandika maneno, na programu yenyewe huchora na kujaza. Lakini hilo ni mlango mwingine, wala hatutaki kuuingia leo. Suala letu ni la vipande vya kweli.

Wala mtu asidhani kwamba ufundi huu umezaliwa na kompyuta. Mwaka 1857 fundi mmoja aliyekuwa akikaa Uingereza, Oscar Rejlander, aliunga picha zaidi ya 30 akatoa moja, akaiita Njia Mbili za Maisha, nayo ikaoneshwa Manchester mwaka ule ule. Ndani yake yuko mzee na vijana wawili, mmoja aelekea kwenye kazi na uchaji, wa pili aelekea kwenye anasa. Na kwetu Pwani, Lamu palikuwa na studio ya Bakor, iliyosifika kwa kuikata sura ya mtu na kuitia katika umbo jingine kwa pambo na furaha. Katika hizo zote hapana aliyedanganywa. Aliyeitazama picha ya Rejlander alijua kwamba ni mithali, na aliyetundika picha ya Bakor ukutani hakuna mgeni aliyemdhania kuwa mambo yale yalitokea.

Basi kuunga peke yake si dhambi. Mshoni huunga, mpishi huunga, na mwandishi huchagua maneno na kuyaunga. Palipo na khatari ni mahali pengine, na mahali hapo tulipatafuta katika mafunzo ya dini yetu, tukaona kwamba Waislamu walikwisha kupajua tangu zamani, kabla picha haijawako duniani.

Kwanza tulikwenda sokoni. Katika Sahih Muslim imo khabari ya Mtume (S.A.W.) alipoipita chungu ya nafaka ikiuzwa. Akatia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, yule mtu akajibu kwamba mvua iliipata. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Tuizingatie khabari hii, Ndugu Wasomaji. Mtu yule alisema uwongo gani? Nafaka kavu ilikuwa kavu kweli. Nafaka iliyorowa ilikuwa mali yake kweli, na mvua ilinyesha kweli. Hakutia mchanga wala hakupunja kipimo. Alilolifanya ni kupanga tu: tabaka moja juu, tabaka jingine chini. Mpango ule ndio uliosema uwongo, na yeye akahukumiwa kwa mpango wake kana kwamba ameusema kwa ulimi.

Mfano wa pili ni wa mnyama wa maziwa aliyeachwa siku kadha bila kukamwa ili chuchu zijae, anunuaye apate kudhani kwamba kila siku ndivyo alivyo. Maziwa yote ni yake, hapana tone lililotoka kwa mnyama mwingine. Hata hivyo Sharia imempa mnunuzi khiyari ya kumrudisha. Maziwa ya siku tatu yamekusanywa yakaoneshwa kuwa ya siku moja. Na sisi tulifanya nini katika picha yetu? Watoto wa nyakati mbili tuliwakusanya tukawaonesha kuwa wa wakati mmoja. Wallahi, tulipofika hapa katika mazungumzo yetu hapana aliyekuwa na la kusema kwa muda.

Pili tulikwenda kwa Maulamaa wa Hadithi, na huko ndiko suala lilikofunguka zaidi. Husimuliwa ya kwamba Imam Bukhari alipoingia Baghdad, wanazuoni wa mji walitaka kumjaribu. Wakachukua Hadithi 100, wakatenga sanadi na maneno, wakaiambatisha sanadi ya hii na maneno ya ile. Wakawapa watu kumi, kila mmoja kumi zake, wamsomee mbele ya watu. Kila aliposomewa moja akasema kwamba haijui. Wasiofahamu wakamdhania ni mjinga. Walipokwisha wote, akamgeukia wa kwanza, akamrudishia Hadithi zake moja moja, kila maneno kwa sanadi yake, kisha wa pili, mpaka wa kumi.

Katika mtihani ule sanadi zilikuwa ni za watu wa kweli, na maneno yalikuwa ni maneno yaliyopokewa. Kilichokuwa kibovu ni kiungo. Na Imam hakusema kwamba kwa kuwa vipande ni sahihi, basi kilichoungwa nacho ni sahihi. Alisema hakijui, kwani kitu kile hakikuwako. Hali kadhalika Maulamaa waliweka majina kwa kila namna ya kuunga: iko iliyopinduliwa sanadi, iko iliyopenyezwa maneno ya mpokezi ndani ya maneno ya Mtume, na iko iliyofichwa kasoro ya mpokezi ili sanadi ionekane safi. Hawakufanya hayo kwa kupenda ugumu. Walijua kwamba uwongo mtupu hugunduliwa upesi, bali uwongo ulioshonwa kwa kweli hukaa miaka.

Na picha nayo ina sanadi yake. Mwanga hukipiga kitu, ukaingia katika kamera, ukaandika alama, na alama ile ikatufikia. Kwa ajili ya mfuatano huu ndipo watu wakaiamini picha kuliko mchoro. Na hata katika khitilafu ya Maulamaa juu ya picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, alijenga ruhusa yake juu ya jambo hili hili: kwamba mpiga picha haumbi wala haigi maumbile, bali akizuia kivuli tu, kama kioo kinavyopokea sura. Wako waliomkubali na wako waliomkhalifu, wala si nia yetu kuifungua khitilafu hiyo. Twasema tu kwamba mwenye kuitegemea ruhusa ile na aitazame sababu yake. Kivuli kilichozuiliwa ni kile kilichoanguka. Ama ukikichukua kivuli cha mtu ukakilaza mahali ambapo hakikuanguka, saa ambayo hakikuanguka, hukuzuia kitu. Umetunga. Na mwenye kutunga hana haki ya kudai heshima apewayo shahidi.

Hapa ndipo ulipo moyo wa maneno yetu. Picha hutolewa kwa watu kwa namna mbili: ama kwa kuwa pambo na mithali, ama kwa kuwa ushahidi. Ikiwa ni pambo, mtazamaji ajua, na mtengenezaji ajua kwamba mtazamaji ajua. Ikiwa ni ushahidi, mtazamaji amemkabidhi mtengenezaji macho yake, kama mtu amkabidhivyo mwenzake mali. Kuunga vipande katika pambo ni ufundi. Kuunga vipande katika ushahidi, kwa siri, ni khiyana ya amana, hata kama kila kipande kilitoka mahali pa halali.

Mifano ya dunia yatuonesha jambo hili kwa uwazi. Mwaka 1982, jarida la National Geographic la Marekani liliisogeza karibu Piramidi za Giza katika picha ya jalada la mwezi wa Februari, ili zipate kuenea katika ukurasa ulio mrefu wima. Piramidi ni za kweli, na watu waliopanda ngamia mbele yake ni wa kweli. Lakini wasomaji walipojua, waliuliza: ikiwa mwaweza kuisogeza Piramidi, mtashindwa na nini? Hapakuwa na aliyeibiwa shilingi. Kilichopungua ni imani, nayo haipimwi kwa ratili.

Mwaka 2003, katika vita vya Iraq, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha picha ya askari wa Kiingereza karibu na Basra, akiwaashiria raia waliokaa chini, na mbele yao mwanamume amesimama amempakata mtoto. Ikaja kudhihiri kwamba ni picha mbili. Katika moja askari alionekana vizuri, katika ya pili yule baba na mwanawe walionekana vizuri, na mpiga picha akateua bora ya kila moja akaziunga. Alijulikana kwa alama gani? Watu waliokaa nyuma walionekana mara mbili. Akafukuzwa kazi. Tuliposoma khabari hii tulimkumbuka mtoto wetu wa kanzu, mbele ya ubao na nyuma ya dirisha.

Mwaka 2010, gazeti la Al-Ahram la Cairo lilitoa picha ya viongozi watano wakitembea katika Ikulu ya Marekani, na Rais Hosni Mubarak ametangulia mbele ya wote. Katika picha ya asili alikuwa nyuma, pembeni. Mhariri alipoulizwa aliitetea kwa kusema kwamba ni picha ya kueleza maana, si ya kunakili tukio. Twaona udhuru huu ni mfano bora wa kosa lenyewe. Picha ya mithali imevishwa nguo ya ushahidi, kisha ilipokamatwa ikataka kuhukumiwa kama mithali. Katika Suratul Baqara tumekatazwa kuichanganya haki na batili, na tamko lililotumika huko ni la asili moja na libasi, yaani vazi. Hili ndilo vazi.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, kwani zilisemwa katika darsa yetu kwa nguvu, na si haki kuzificha.

Hoja ya kwanza: kila picha ni uteuzi. Mpiga picha huchagua asimame wapi, amtie nani na amwache nani, na saa gani abonyeze. Akiwa yeye hakulaumiwa, kwa nini alaumiwe mwenye programu? Twajibu kwamba hoja hii ni ya kweli, lakini haimwokoi mwenye kuitoa. Yatuonesha tu kwamba hata asiyekata wala kuunga aweza kughushi. Lau tungalipiga picha pembe moja ya chumba iliyojaa, tukaiacha pembe tupu, tungalikuwa na kosa lile lile bila kugusa kompyuta. Kosa halimo katika chombo. Limo katika kumwamsha mtu aamini jambo ambalo wewe wajua kuwa silo. Lakini iko tofauti ya daraja: mteuzi wa pembe amenyamaza baadhi ya kweli, na muungaji amezaa tukio lisilokuwako.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: nia yetu ilikuwa njema. Chumba chahitajiwa kweli, kwa kuwa watoto waongezeka, na fedha haziingii mfukoni mwa mtu. Twajibu kwa kumbukumbu. Katika waliozua Hadithi hapakuwa na wazandiki na watu wa siasa peke yao. Walikuwako watu wachaji, wenye kufunga na kusali usiku, waliozua Hadithi za fadhila za sura moja moja ili watu wapende kuisoma Qur'ani. Walipolaumiwa walijitetea kwamba hawamsemei Mtume mabaya, bali wamsaidia. Maulamaa hawakuupokea udhuru huo. Walisema hao ndio wenye madhara makubwa kuliko wote, kwa kuwa watu waliwaamini kwa sababu ya uchaji wao. Nia njema huipa thawabu kazi iliyo safi. Haiisafishi kazi iliyo chafu.

Na lau mtu ataka kuyaona madhara hayo katika zama zetu, na aitazame khabari ya Agosti 2006. Beirut ilikuwa ikipigwa kwa mabomu, nyumba zilibomoka kweli na watu walikufa kweli. Mpiga picha mmoja aliyekuwa akilipelekea shirika la Reuters aliongeza moshi katika picha ya mji, kwa kukinakili kipande cha moshi wa kweli mara nyingi. Alipogunduliwa, Reuters iliziondoa picha zake zote 920. Wale waliotaka dunia isiwahurumie watu wa Lebanon wakapata neno la kusema: Mwaona, picha zao ni za kubuni. Kwa ajili ya moshi uliozidishwa, moto uliokuwako ukatiliwa shaka. Mwenye haki ndiye apotezaye zaidi kwa uwongo, kwani mwenye batili hakuwa na mali ya kupoteza.

Hoja ya tatu ilisemwa na kijana mwenyewe aliyeitengeneza, naye aliisema kwa huzuni: "Maalim, mimi sikusema kitu. Nilipanga tu." Tulimjibu kwa upole, kwa sababu lawama haikuwa yake peke yake. Muuza nafaka naye alipanga tu. Picha haina ulimi, ndiyo, lakini ina aliyeituma, ina aliyeisifu, na ina aliyeiandikia barua. Tena barua yangu ndiyo iliyoikamilisha khadaa, kwa sababu ilikuwa ya kweli tupu. Msomaji aliyeona kwamba kila neno ni kweli, aliiamini na picha.

Basi twafanyaje? Hatukuona kwamba yafaa kuwakataza vijana ufundi huu, kwani ni riziki ya wengi na ni pambo la wengi. Twaona yatosha mtu ajiulize mambo matatu kabla hajaitoa picha aliyoiunga. La kwanza: atakayeitazama atasadiki nini? La pili: lau angalijua nilivyoifanya, angaliridhika, au angalijiona ameghushiwa? La tatu: kwa kusadiki kwake, je, iko haki itakayotoka kwa mmoja ikenda kwa mwingine, iwe ni mali, au heshima, au ndoa, au kura?

Kwa maswali haya mambo mengi hufunguka. Watoto waliofiwa na baba yao wakataka atiwe katika picha ya harusi ya dada yao, hapana ubaya, kwani wote wajua kwamba marehemu hakuwako, na ni ukumbusho tu. Wakiandika neno nyuma ya picha kwa ajili ya wajukuu, ni bora zaidi. Mwenye studio akifuta waya wa umeme uliopita juu ya kichwa cha bibi arusi, hapana haki iliyohama. Lakini dalali wa nyumba aunganishaye bahari na dirisha lisilotazama bahari, huyo ni muuza nafaka wa pili. Na apelekaye picha ya mchumba iliyobadilishwa umbo na rangi hata mwenyewe asitambulike, ameanza nyumba kwa ghushi. Ama yule achukuaye sura ya mtu, na khasa ya mwanamke, akaiunga na mahali pa aibu ambapo hakupata kufika, huyo ametoka katika uwongo akaingia katika buhtani, na jambo lake tutaulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu, sisi na wote waliolipitisha kutoka simu hata simu. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa tuichunguze khabari tuletewayo na asiyeaminika kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Picha leo ni khabari. Kidole kipelekacho ni ulimi.

Imebaki tueleze mwisho wa jambo letu. Wako katika darsa waliosema tunyamaze, kwani fedha zimekwisha ahidiwa, na chumba kitajengwa, na mtoto asomaye humo hatadhurika na picha. Wako waliosema kwamba tukisema kweli tutafedheheka, na madrasa nyingine za Pwani zitatiliwa shaka kwa ajili yetu. Maneno haya ya mwisho yalituuma sana, kwa kuwa ni kweli. Lakini shaka ile hatukuiepuka kwa kunyamaza. Tuliipanda siku tulipoituma picha, na kunyamaza kungaliipa maji tu. Na tulimkumbuka yule mtoto aliyemo mara mbili. Yeye aja madrasa kufundishwa kwamba Muislamu hasemi uwongo. Twaweza kumfundisha hayo katika chumba kilichojengwa kwa sura yake mwenyewe iliyosema uwongo?

Tuliandika barua ya pili. Tukatia ndani picha mbili za asili, ya asubuhi na ya jioni, kila moja na saa yake imeandikwa chini, tukaeleza tulivyoziunga na kwa nini. Tukasema pia kweli iliyokuwa ikitufaa tangu mwanzo lau tungaliiamini: kwamba chumba chatosha leo kwa zamu mbili, kwamba wasichana wakubwa hawana zamu yao mbali, na kwamba orodha ya wanaongoja nafasi imeandikwa katika daftari ambalo yeyote aweza kulitazama. Haina uzuri wa ile picha ya kwanza. Chumba chaonekana kina nafasi, na ukuta mmoja waonekana umebanduka chokaa.

Mpaka tuandikapo haya, jawabu haijafika. Huenda wakatusamehe, na huenda wakapeleka fedha zao mahali pengine, na hilo ni haki yao. Kijana wetu ameiondoa ile picha ya kuungwa katika kompyuta yake, lakini aliitoa moja kwenye karatasi, na kwa ruhusa ya darsa tumeibandika ndani ya mlango wa kabati la vitabu, mahali tuonapo sisi tu, tupate kuitazama kila tutakapotaka kuandika barua.

Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kweli, na mkono wa kweli, na atuepushe na kheri tuitafutayo kwa njia asiyoiridhia. Amin.